Maisha ya Andreas Vesalius, Bingwa wa Misuli

Gazeti la chama huleta maisha ya watu mashuhuri, na aghalabu huwa ni wapigania uhuru, waandishi wa riwaya na wakimbiaji. Mimi nimeamua kuwaletea mtu wa kisu. Usishtuke, hakuwa mwuaji. Alikuwa daktari, na ndiye aliyewafundisha walimwengu kuitambua misuli ya mwili wa binadamu kwa kuitazama yenyewe badala ya kuikariri tu.

Nimemchagua kwa sababu moja. Wakubwa wetu wa Kidato cha Nne wanapofika kwenye mada ya mwendo katika somo la Bayolojia, utawasikia njiani jioni wakielekea nyumbani, midomo ikichezacheza kama watu wa sala: baisepsi, traisepsi, deltoidi, sartori. Misuli inayovuta mifupa yetu huku na huko inazidi 600. Nani ataimeza yote? Na hata ukiimeza, je, utaijua ukiiona? Nenda ukamwangalie mwenye bucha pale Migori mjini. Hajui jina hata moja la Kilatini, lakini mwambie unataka sarara, kisu chake kitakwenda moja kwa moja kando ya uti wa mgongo upande wa ndani na kuutoa ule msuli mlaini mzima mzima bila kuuchana. Yule ameisoma misuli kwa mikono. Vesalius naye aliisoma hivyo hivyo, ila yeye aliisoma ya watu, na hapo ndipo makuu yalipoanzia.

Andreas Vesalius alizaliwa tarehe 31 Desemba 1514 mjini Brussels, katika nchi tunayoiita Ubelgiji leo. Ukoo wake ulikuwa ukoo wa dawa. Babu yake alikuwa tabibu, na baba yake alikuwa mtengeneza dawa wa Kaisari Charles wa Tano, mfalme aliyetawala karibu nusu ya Ulaya. Nyumba yao haikuwa mbali na mahali walipokuwa wakinyongwa wahalifu wa mji, kwa hivyo kijana huyu alikua akiona yale ambayo wewe na mimi tungeyakimbia. Inasemekana alianza mapema kuwapasua panya, fuko na mbwa ili aone kilichomo. Naam, nyota njema huonekana alfajiri, ingawa sijui mama yake aliionaje nyota hiyo jikoni mwake!

Alisoma kwanza Louvain, kisha mwaka 1533 akaenda Paris kusomea udaktari. Huko alimpata mwalimu mashuhuri aitwaye Jacobus Sylvius. Shikilia jina hilo, tutakutana naye tena. Masomo ya mwili siku hizo yalikuwa kitu cha ajabu. Profesa aliketi juu ya kiti kirefu kama cha mahakamani akisoma kitabu kwa Kilatini. Chini kulikuwa na maiti mezani, na aliyeshika kisu alikuwa kinyozi! Mtu wa tatu alisimama na kijiti akionyesha kilichotajwa. Profesa hakugusa nyama, kinyozi hakujua Kilatini, na mwenye kijiti alionyesha alichodhani kimetajwa. Wanafunzi walikuwa mbali wakinyoosha shingo. Maiti wenyewe walikuwa wachache, na kwa kuwa hawakuwa na mafriji, kazi ilifanywa mbiombio kabla harufu haijawafukuza watu wote chumbani.

Vesalius hakutosheka. Yeye na wenzake walikuwa wakienda kwenye makaburi yaitwayo ya Wasio na Hatia, mlemle Paris, ambako mifupa ya zamani ilikuwa imefukuliwa na kurundikwa. Walikaa huko saa nyingi. Walishindana kwa mchezo huu: mtu anafungwa macho kwa kitambaa, anapewa mfupa mkononi, na anautaja kwa kuupapasa. Vesalius akawa hashindwi. Nawaza kwamba mchezo huu ungetufaa nasi kwa vile vielelezo vya plastiki vya maabara.

Mwaka 1536 vita vilizuka kati ya mfalme wa Ufaransa na yule Kaisari Charles. Vesalius, akiwa mtu wa upande wa Kaisari, ilimbidi afunge virago arudi Louvain. Huko ndiko alikofanya jambo ambalo limenisumbua nilipokuwa nikikusanya habari hizi. Siku moja alikuwa akitembea nje ya mji na rafiki yake Gemma Frisius, wakafika kwenye mti wa kunyongea. Walimwona mhalifu ambaye ndege walikuwa wamemla nyama yote, akabaki mifupa mikavu iliyoshikanishwa na kano tu. Vesalius alipanda, akavuta mfupa wa paja ukaachana na nyonga, akashuka nao. Alirudi tena na tena, akichukua mikono na miguu. Kiwiliwili kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo juu kabisa, basi akajifungia nje ya mji usiku, peke yake gizani, akakwea na kukichukua. Akachemsha, akasafisha, akaiunga mifupa yote. Walipomwuliza amekipata wapi kiunzi hicho, akasema amekileta kutoka Paris.

Jamani! Kwetu huku, kuanzia Migori hadi Homa Bay, mtu akifia Mombasa au Nairobi jamaa watachanga mpaka senti ya mwisho ili aletwe azikwe kwao. Marehemu hachezewi. Sasa huyu kijana anabeba mguu wa mwana wa watu chini ya joho! Najua kuna watakaosema yule alikuwa mhalifu na wala hakuna aliyekuja kumzika. Hilo ni kweli. Lakini hata mhalifu alikuwa na mama. Kwa upande wa pili, daktari atakayenishona siku nikivunjika mguu, amejifunza kutokana na maiti. Siku hizi ziko sheria za jambo hili, hapa Kenya na kwingineko, na wapo watu wanaoamua wenyewe wakiwa hai kwamba miili yao ikasomewe. Yule wa Louvain hakuna aliyemwuliza. Mimi namsifu Vesalius kwa mengi, ila hapo siwezi kumpigia makofi.

Twende Italia. Mwezi wa Desemba mwaka 1537, akiwa hajatimiza miaka 23, Vesalius alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Padua, na papo hapo akateuliwa kufundisha upasuaji na anatomia, yaani elimu ya viungo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vesalius alishuka kutoka kwenye kile kiti kirefu, akamwondoa kinyozi, akakunja mikono ya nguo na kushika kisu mwenyewe. Alipasua, akaonyesha na kueleza, yote kwa wakati mmoja. Wanafunzi wakaambiwa wasogee karibu, waguse. Sifa zikaenea. Hakimu mmoja wa Padua, Marcantonio Contarini, alivutiwa sana hata kuanzia mwaka 1539 akawa anampelekea maiti za waliohukumiwa kifo.

Ni hapo Padua, kwa kuangalia maiti baada ya maiti, ndipo shaka ilipomwingia. Ili uielewe shaka hiyo yafaa umjue Galen. Huyu alikuwa tabibu aliyezaliwa mwaka 129 huko Pergamon, katika nchi ya Uturuki ya sasa. Aliwatibu watu waliopigana kwa mapanga kuwafurahisha watazamaji, na kwa kupitia majeraha yao aliona misuli na kano zikiwa wazi. Hakika alikuwa na akili nyingi. Lakini zama zake kumpasua binadamu aliyekufa hakukuruhusiwa, basi akawapasua nyani, nguruwe na wanyama wengineo, kisha akaandika mambo ya mwili wa mtu. Kwa miaka 1,300 hivi madaktari wakaviamini vitabu vyake kama msahafu. Galen alisema taya la chini ni mifupa miwili. Vesalius akiangalia taya la mtu anaona mmoja. Galen alisema mfupa wa kidari una vipande saba. Vesalius anahesabu vitatu. Kila maiti ilisema vivyo hivyo. Nani sasa anadanganya, kitabu au macho?

Mwezi wa Januari mwaka 1540 alialikwa Bologna. Huko profesa mzee, Matteo Corti, alikuwa akitoa mihadhara kwa kufuata vitabu, na Vesalius akifuata nyuma kwa kisu. Mwanafunzi mmoja aitwaye Baldasar Heseler aliandika yote aliyoyaona, na kwa sababu yake tunajua jinsi mambo yalivyokuwa. Watu walijazana, mishumaa ikawaka, wanafunzi wakapiga kelele na kusukumana, na profesa na kijana wakabishana waziwazi mbele ya maiti. Mzee alishikilia kwamba Galen hawezi kukosea. Kijana alimwambia aje aone mwenyewe. Ndipo Vesalius akaweka kiunzi cha nyani kando ya kiunzi cha mtu na kuonyesha kwamba maelezo ya Galen yanalingana na nyani. Kumbe watu walikuwa wakitibiwa kwa ramani ya mwili wa nyani!

Hapa niruhusu nichepuke kidogo nije nyumbani. Mambo ya nyani na mtu si mageni kwetu. Mwaka 1948 Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga, ng'ambo kidogo tu ya Mbita. Ni mnyama wa jamii ya nyani wasio na mkia aliyeishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Nyama yake ilioza zamani, lakini misuli huacha alama pale inaposhikamana na mfupa, mikwaruzo na vinundu, na mtaalamu huzisoma kama wewe unavyosoma ukurasa huu. Tena mwaka 2023 wanasayansi walitangaza habari za Nyayanga, kwenye rasi ya Homa. Hapo yalipatikana mawe yaliyochongwa yenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Kwa hivyo kazi ya kutenganisha msuli na mfupa imefanywa kandokando ya ziwa letu tangu enzi hizo. Turudi Italia.

Vesalius aliamua kuandika kitabu chake, tena kitabu chenye picha ambazo hazijapata kuonekana. Wanaodhaniwa kuzichora ni wachoraji wa karakana ya Titian mjini Venice. Picha zilichongwa juu ya vibao, kwa ustadi wa kushangaza, na mwaka 1542 vibao hivyo vikafungwa vizuri na kuvushwa milima ya Alps hadi Basel, Uswisi, kwa mpiga chapa Johannes Oporinus. Vesalius akaenda huko mwenyewe kusimamia kazi. Mwezi wa Juni mwaka 1543 kitabu kikatoka. Jina lake la Kilatini ni De humani corporis fabrica, maana yake muundo wa mwili wa binadamu. Kimegawanywa katika vitabu saba, na cha pili ndicho cha misuli. Mwandishi alikuwa na miaka 28 tu. Mwaka huo huo kitabu cha Copernicus kuhusu dunia kulizunguka jua nacho kilichapishwa, kwa hivyo waliopenda mambo yabaki vilevile walikuwa na mwaka mgumu.

Picha za misuli ziko 14, kila moja ukurasa mzima. Katika ya kwanza anasimama mwanamume aliyechunwa ngozi, amenyoosha mikono kama anayekukaribisha, na nyuma yake kuna vilima, mto na nyumba za mashambani karibu na Padua. Hapo unaona misuli ya juu: ule wa pembetatu unaofunika bega, ambao ndio deltoidi na humwinulia mvuvi wa omena mkono wake anaporusha wavu, misuli mipana ya kidari, ule wa mbele ya mkono wenye vichwa viwili, na wa sartori, msuli mrefu kuliko yote, unaokatiza paja kwa mshazari kutoka nyonga hadi chini ya goti. Fungua picha zinazofuata, misuli ya juu imeachiliwa inaning'inia kama vitambaa ili uione iliyokuwa chini. Kila picha tabaka jingine linaondoka. Mtu mwenyewe naye anazidi kudhoofika, anainama, na mbele kidogo unamkuta hawezi tena kusimama, ameshikiliwa kwa kamba. Ni picha za kutisha, lakini zinafundisha. Ukizipanga baadhi yake ubavu kwa ubavu, vilima vya nyuma vinaungana vikawa mandhari moja.

Hii ndiyo njia ninayoiona nzuri ya kuijua misuli. Usianze na orodha. Anza na tabaka la juu ambalo unaweza kulishika kwa mkono wako mwenyewe. Kaza meno, uguse taya karibu na sikio: huo unaofura ni msuli wa kutafunia. Simama kwa ncha za vidole, ushike shavu la mguu. Keti kisha inuka, ukisikie kiungo cha makalio kikikaza, maana hapo upo msuli mkubwa kuliko yote mwilini. Kunja kiwiko, ule wa mbele unakaza na wa nyuma unalegea, kisha nyoosha, zinabadilishana zamu. Msuli huvuta tu, hausukumi hata siku moja, ndiyo maana imewekwa jozi jozi. Mchezaji wetu anaposhika nyuma ya paja katikati ya uwanja na kuanza kuchechemea, mtazamaji aliyesoma ataujua msuli ulioumia hata kabla ya wa huduma ya kwanza kufika na chupa ya maji.

Wazee wa Kijaluo husimulia habari za Lwanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mkuki haukuingia. Nadhani Vesalius angetaka sana kumwona huyo!

Jambo moja litakushangaza. Vesalius hakuipa misuli majina mengi. Aliihesabu: msuli wa kwanza wa kuendesha mkono, wa pili, wa tatu, na kadhalika. Aliyeipa mingi yake majina ni Sylvius, yule mwalimu wake wa Paris, na baadhi ya majina hayo yangali yanatumika. Lakini Sylvius huyo huyo ndiye aliyegeuka adui yake mkubwa. Alimpenda Galen mno. Mwanafunzi wake alipochapisha makosa zaidi ya 200 ya Galen, mzee aliwaka moto. Mwaka 1551 alitoa maandishi ya kumtukana, akilichezea jina lake ili lisomeke kama mwendawazimu. Alidai kwamba ikiwa miili ya watu hailingani na Galen, basi ni miili iliyobadilika tangu zama hizo, si Galen aliyekosea. Kwa hiyo kila mwanafunzi anayekariri misuli leo anatumia macho ya mmoja na ulimi wa mwingine, nao hawakupatana mpaka kufa.

Wala Vesalius hakuwadharau wakale kwa ujeuri. Katika mojawapo ya picha za misuli alichora kwa makusudi msuli wa tumbo ukipanda juu kupita kiasi, kama ulivyo kwa nyani, na akaeleza kuwa amefanya hivyo ili msomaji aone Galen alikuwa akiangalia nini. Isitoshe, pamoja na kitabu kikubwa alitoa kijitabu cha bei nafuu kwa wanafunzi. Kilikuwa na karatasi zenye viungo ambavyo mwanafunzi alivikata kwa makasi na kuvibandika kimoja juu ya kingine. Mwalimu wa namna hiyo ni hazina.

Alipokuwa Basel alimpasua hadharani mhalifu aliyekatwa kichwa, jina lake Jakob Karrer, akaiunga mifupa yake na kuwaachia wenyeji zawadi. Kiunzi hicho kiko Basel mpaka leo katika jumba la makumbusho ya anatomia.

Baada ya hapo maisha yake yalibadilika. Alikitoa kitabu kwa heshima ya Kaisari Charles, naye Kaisari akamfanya tabibu wa ikulu. Mwaka 1544 alimwoa Anne van Hamme, wakajaliwa binti mmoja. Huko ikulu watu walimcheka na kumpinga, na kwa hasira alitupa motoni maandishi yake mengi ambayo hayakuwa yamechapishwa. Baadaye alijutia hilo. Kazi yake ikawa kufuata majeshi, kushona majeraha na kumtibu mfalme aliyependa kula kuliko kumsikiliza daktari. Alipata tu nafasi ya kukirekebisha kitabu chake na kukitoa tena mwaka 1555. Mwaka 1559 aliitwa Paris kumwangalia Mfalme Henry wa Pili, aliyechomwa mkuki jichoni katika mchezo wa farasi, lakini mfalme hakupona. Mwaka huo huo akahamia Uhispania kumtumikia Philip, mwana wa Charles. Huko kupata hata fuvu moja la kusomea kulikuwa taabu.

Mwaka 1564 alisafiri kwenda Yerusalemu kuhiji. Ulizuka uvumi kwamba alikuwa akikimbia adhabu, eti alimpasua bwana mmoja mkubwa na moyo ukaonekana ukidunda. Wanahistoria hawauamini uvumi huo. Katika safari ya kurudi bahari ilichafuka, chombo kikataabika siku nyingi, naye akashuka kisiwani Zakynthos, Ugiriki, akiwa hoi. Alifia hapo mwezi wa Oktoba, kabla hajatimiza miaka 50, akazikwa ugenini. Kaburi lake limetafutwa, na hadi leo halijapatikana.

Vile vibao vya picha viliishi zaidi kuliko mwenyewe. Vilipitia mikono mingi hadi vikahifadhiwa Munich, Ujerumani, na mwaka 1934 vilipigwa chapa upya, wino ukakaa vizuri kana kwamba vilichongwa jana. Miaka kumi baadaye, katika Vita Vikuu vya Pili, mabomu yaliuangukia mji huo na vibao vikateketea.